Mfanyakazi Mmoja, Wakubwa Thelathini

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Tunajua kila aliye hapa ameacha kazi ya mtu mmoja nyumbani ikimngoja, kwa hivyo hatutazunguka sana.

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya mfanyakazi wa kikundi. Si mwanachama. Tunasema yule mtu mnayemlipa: kijana wa mashine ya posho, mama wa kioski cha maji, mwalimu wa shule ya chekechea, karani wa kituo cha maziwa, soja wa usiku. Katika ziara zetu za vijijini tumeona kwamba miradi mingi haifi kwa sababu ya kukosa pesa. Mashine ipo, maji yapo, wateja wapo. Mradi unakufa kwa sababu yule mtu anayeushika kila siku amechoka nao, au ameondoka, au amebaki lakini moyo wake uliondoka zamani.

Na sisi tukiulizwa ni kwa nini, tunajibu haraka: "Vijana wa siku hizi ni wavivu." Haya, labda mmoja ni mvivu. Lakini kikundi kikibadilisha watu watano kwa miaka miwili, na wote watano wakawa wavivu, basi tuanze kuuliza juu ya kikundi chenyewe.

Siku kikundi kilipogeuka mwajiri

Mnakumbuka mlivyoanza. Mlichanga kidogo kidogo, mkafanya harambee, mkanunua mashine. Mwanzoni mlifanya kazi kwa zamu, leo mama huyu, kesho baba yule. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyelalamika sana, maana kila mmoja alijua anajenga kilicho chake.

Halafu zamu zikawa ngumu. Mtu ana mgonjwa, mwingine ana mazishi, mwingine amesahau. Mkakubaliana muandike mtu. Siku hiyo kikundi kiligeuka kikawa mwajiri. Hakuna aliyepiga kengele kutangaza, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shida ni kwamba sisi tuliendelea kufikiri kama wanakikundi. Tulitaka yule kijana afanye kazi kwa moyo ule ule wa kujitolea tuliokuwa nao sisi. Lakini mashine si yake. Mwisho wa mwaka mkigawana faida yeye hayumo. Anachopata ni mshahara, na vile mnavyomtendea. Kwa hivyo mambo hayo mawili ndiyo ya kutazamwa.

Manahodha wengi

Tuanze na vile tunavyomtendea. Fikirini siku moja ya kijana wa mashine. Asubuhi amefungua, amekagua mkanda, amepima dizeli. Anakuja mwanachama wa kwanza: "Nisagie mimi kwanza, nina haraka, na hii ni mashine yangu." Wa pili anakuja: "Andika deni, nitalipa Jumamosi." Mweka hazina anapita akisema mtu asikopeshwe hata nusu gorogoro. Saa sita mwenyekiti anamtuma akamletee msumari dukani. Akirudi anakuta katibu amekasirika: "Kwa nini umefunga mashine?" Jioni mwanachama mwingine anasema usagaji wa leo ni mkubwamkubwa, aulegeze. Mwenzake anasema ni laini mno, unga unapotea.

Sasa huyu kijana amtii nani? Kikundi kina watu 30, basi yeye ana wakubwa 30. Akimtii mmoja amemkosea mwingine. Mwishowe anajifunza jambo moja tu: kumpendeza aliye mbele yake sasa hivi, na kumdanganya aliyeondoka. Hapo hamjaandika mwongo. Mmemtengeneza.

Wahenga wetu walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Na watu wa viwandani walifika pale pale kwa njia yao. Mhandisi mmoja wa migodi huko Ufaransa, Henri Fayol, aliyeongoza kampuni ya madini kwa miaka 30, alitoa maandishi yake mwaka 1916 akieleza kanuni za uongozi wa kazi. Moja ya kanuni hizo ni kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Alisema kanuni hiyo ikivunjwa, utulivu na nidhamu ya kazi huharibika. Yeye alikuwa na maelfu ya wafanyakazi, nyinyi mna mmoja. Kanuni ni ile ile.

Dawa yake si ngumu. Kamati ichague mtu mmoja wa kumsimamia mfanyakazi. Si lazima awe mwenyekiti. Awe mtu anayekaa karibu na mradi, mtulivu, anayejua kuandika. Jina lake litangazwe katika mkutano mkuu na mfanyakazi akiwapo. Tangu siku hiyo, mwanachama mwenye malalamiko anampelekea msimamizi. Hamwendei mfanyakazi kumfokea mbele ya wateja.

Na yale mambo magumu, kama deni, yaamuliwe na kamati, yaandikwe kwenye karatasi kubwa, yabandikwe mlangoni pamoja na muhuri wa kikundi. Hapo kijana akiombwa deni hasemi "mimi sikupi." Anaonyesha karatasi tu. Mmemwondolea mzigo wa kugombana na mamake mdogo, au na mwalimu wake wa zamani. Kijijini sisi sote ni jamaa. Mtu mdogo hawezi kumkatalia mkubwa wake bila kuonekana amekosa adabu. Karatasi haina ukoo.

Mshahara si zawadi

Jambo la pili ni pesa. Hapa tuseme wazi. Kuna viongozi hutuambia, "Tunampa kitu kidogo cha sabuni." Kitu cha sabuni! Mtu anafungua saa moja asubuhi, anafunga saa moja usiku, anapumua vumbi la mahindi, halafu anapewa cha sabuni. Na hata hicho kinakuja tarehe 20 ya mwezi unaofuata, maana mweka hazina alikuwa amesafiri.

Mwaka 1959 mtafiti Mmarekani aitwaye Frederick Herzberg na wenzake walichapisha kitabu juu ya jambo hili. Walikuwa wamewauliza wahandisi na wahasibu kama 200 wa mji wa Pittsburgh wasimulie wakati walioipenda sana kazi yao, na wakati walioichukia. Majibu yakaja kwa mafungu mawili. Walipokumbuka siku mbaya walitaja sheria za kampuni, msimamizi mbaya, mshahara, mazingira ya kazi. Walipokumbuka siku nzuri walitaja kazi waliyoifanikisha, sifa waliyopewa, kukabidhiwa madaraka, kupanda cheo. Herzberg akasema mshahara mbaya humvunja mtu moyo, lakini mshahara mzuri peke yake haumtii moyo kwa muda mrefu. Wengine walimpinga, wakasema ni tabia ya binadamu kujisifu kwa mazuri na kuwalaumu wengine kwa mabaya. Pengine ni kweli. Hata hivyo, somo moja tunaweza kulichukua bila wasiwasi: usijaribu kumtia mtu moyo kwa maneno matamu wakati humlipi. Asante ya punda ni mateke, na mfanyakazi anayajua mateke hata yakivikwa maneno ya sala.

Kumpoteza mfanyakazi ni ghali kuliko tunavyodhani. Huko Marekani, karibu na mji wa Detroit, kiwanda cha magari cha Henry Ford kilipata shida hiyo. Mwaka 1913 watu walikuwa wakiingia na kutoka kama siafu. Ili kuwa na wafanyakazi kama 14,000 ilibidi waandikwe zaidi ya 50,000 katika mwaka mmoja. Kazi ilikuwa ya kurudiarudia, na watu waliichoka. Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, ambayo yalikuwa zaidi ya maradufu ya yale ya kwanza, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Kutorokatoroka kukapungua sana. Lakini mjue pia upande wa pili. Kampuni iliweka wakaguzi wa kwenda majumbani kuona kama mtu anaishi "vizuri" ndipo apewe malipo kamili. Hili tusiliige. Kuna kamati nyingine hapa kwetu zinataka kujua mfanyakazi amenunua nini kwa mshahara wake. Akishaufanyia kazi ni wake.

Tufanye hesabu yetu wenyewe. Tuseme kioski chenu cha maji huuza mitungi 200 kwa siku, kila mtungi shilingi 5. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa siku. Mama wa kioski akiondoka kwa hasira, na mkachukua siku 9 kumpata mwingine na kumfundisha, mmepoteza shilingi 9,000. Hatujahesabu wateja waliozoea kwenda mtoni tena, na ugonjwa wa watoto waliokunywa maji hayo. Sasa linganisheni na ile nyongeza ya shilingi mia chache aliyowaomba mkamkatalia.

Wengine watasema, "Lakini alikubali mwenyewe hicho kidogo." Papa Leo XIII aliligusa neno hilo katika barua yake juu ya wafanyakazi mwaka 1891. Alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi. Mshahara uweze kumtunza mfanyakazi anayeishi kwa kiasi, na akikubali kidogo kwa sababu ya shida, huko ni kudhulumiwa. Ukweli huu hata asiye mkatoliki anauona. Mwenye njaa hukubali chochote.

Hadithi ya Hawthorne

Sasa tuje kwenye ile ari ya kazi yenyewe. Nje kidogo ya Chicago, mahali paitwapo Cicero, palikuwa na kiwanda kikubwa cha vifaa vya simu kiitwacho Hawthorne. Kuanzia mwaka 1924 hadi 1932 wataalamu walifanya majaribio pale. Kwanza walitaka kujua kama taa zenye mwanga mwingi zitafanya watu wafanye kazi zaidi. Wakaongeza mwanga, kazi ikapanda. Wakapunguza, na hata hivyo mara nyingine kazi ikaendelea kupanda. Wakakuna vichwa.

Mwaka 1927 wakachagua wanawake sita, watano wa kuunganisha vifaa na mmoja wa kuwaletea vipande, wakawaweka katika chumba chao. Wakawapa mapumziko mafupi, chakula kidogo asubuhi, wakapunguza saa za kazi. Kila badiliko walizungumza nao kwanza, na mtazamaji aliketi nao akiwasikiliza. Kazi ikazidi. Baadaye mapumziko yakaondolewa kwa muda, na kazi bado ikawa juu kuliko mwanzoni. Elton Mayo, profesa aliyekuja kuyaeleza majaribio hayo, na wenzake wakasema hawa wanawake walikuwa wamegeuka kikundi, walijiona wanathaminiwa na kusikilizwa.

Tusiimeze hadithi hii nzima nzima. Waliochunguza baadaye walionyesha kwamba hata malipo ya wale wanawake yalikuwa yamebadilishwa, yakafungwa na kazi ya kikundi chao kidogo, na kwamba wawili walitolewa mwaka 1928 wakaletwa wengine. Kwa hivyo pesa ilikuwamo, na kubanwa kulikuwamo. Lakini jambo la kusikilizwa halikufutika. Kiwanda chenyewe kiliendelea, kikahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000, na wengi walishukuru kwa kupewa nafasi ya kusema tu.

Sasa sisi. Ni lini kamati yenu ilimketisha mfanyakazi kwenye kiti, ikampa chai, ikamuuliza, "Kazi inaendaje? Ni nini kinakusumbua? Ungekuwa wewe ni kamati, ungebadilisha nini?" Tumeuliza swali hili katika vikundi vingi, na watu hutazama chini. Mfanyakazi huitwa mkutanoni siku moja tu, siku ya kushtakiwa.

Na yeye ndiye anayejua. Kijana wa mashine anajua siku ya soko wateja wanakuja saa kumi na moja asubuhi na kumkuta amelala. Mama wa kioski anajua ni bomba gani linavuja usiku. Karani wa maziwa anajua ni nani anaongeza maji kabla ya kuleta debe lake. Hawasemi kwa sababu hawajaulizwa, ama walisema mara moja wakaambiwa, "Wewe ni wa kuandikwa tu, nyamaza."

Kikundi kimoja cha maji tulichokitembelea kilikuwa na kawaida nzuri. Kila mwezi, kabla ya kusoma hesabu, mfanyakazi alipewa dakika 10 za kwanza kueleza mwezi wake. Katibu aliandika, na mwezi uliofuata kamati ilianza kwa kujibu: hili tumefanya, hili hatukuweza kwa sababu hii. Kujibu ndiko kulikoleta heshima. Kumuuliza mtu kila mwezi na kutofanya lolote ni kumdhihaki.

Na mkumbuke kusifu. Chanda chema huvikwa pete. Si lazima iwe pesa. Mwisho wa mwaka mtaje mbele ya wanachama wote, mseme ni nini hasa alichofanya: "Mashine haikusimama hata siku moja msimu wa mavuno kwa sababu alikuwa akiukagua mkanda kila asubuhi." Sifa ya jumla, "anajaribu," haimfikii mtu. Sifa yenye jambo ndani yake inamfikia.

Kanuni isiyoandikwa

Kule kule Hawthorne, mwaka 1931 na 1932, waliwatazama wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya. Hawa walilipwa kwa mpango wa kuwafanya wazalishe zaidi. Lakini hawakuzidisha. Walikuwa na kipimo chao wenyewe cha kazi ya siku. Aliyekimbia kupita kipimo alichekwa, hata kupigwa konde la begani. Aliyezembea sana naye alisutwa. Na aliyekwenda kumchongea mwenzake kwa mkubwa alitengwa. Kanuni hizo hazikuandikwa popote, lakini zilikuwa na nguvu kuliko zile za kampuni. Waliogopa wakizidisha, kampuni itapunguza malipo ya kila kipande, au wengine watafutwa.

Mbona tunawaambia haya? Kwa sababu kila mahali pana kanuni isiyoandikwa. Kama mkutano wenu ni saa nane na wanachama wanafika saa kumi, kanuni halisi ni saa kumi. Mfanyakazi anaiona. Mkimwambia afungue saa moja kamili, moyoni anacheka. Kama mwenyekiti husaga bila kulipa, kanuni halisi ni kwamba wakubwa hawalipi, na kijana ataanza kujihesabu naye kuwa mkubwa kidogo.

Kwa hivyo kabla ya kuandika masharti ya mfanyakazi, mkae mseme masharti yenu wenyewe. Na kama mna wafanyakazi wawili au zaidi, msilete zawadi ya kumshindanisha mmoja na mwenzake bila kuwashauri. Mtavunja udugu wao, na kazi itaharibika badala ya kuongezeka.

Kumwamini na kumkagua

Sasa kina mama wanauliza, na wana haki: "Je, wizi?" Kweli wizi upo. Lakini angalieni namna mbili za kuukabili.

Namna ya kwanza ni kumshuku kila siku. Mwanachama anakuja kuchungulia, mwingine anamtuma mtoto ahesabu wateja. Mfanyakazi mwaminifu anaona hana faida ya uaminifu wake, maana anaitwa mwizi bure. Mwaka 1960 Douglas McGregor, mwalimu wa chuo kikuu Marekani, aliandika kwamba mkubwa anayeamini watu wote ni wavivu na lazima wasukumwe, huwatendea hivyo, na mwishowe huwapata walivyo hivyo.

Namna ya pili ni kuweka utaratibu unaomlinda kila mtu. Mita ya maji isomwe asubuhi na jioni, watu wawili watie sahihi. Mteja apewe risiti. Kama mnapokea pesa kwa simu, namba iwe ya kikundi, si ya mtu. Pesa zipelekwe kwa mweka hazina kila jioni, naye atie sahihi mbele ya aliyezileta. Ikifanywa hivyo kila siku kwa kila mtu, hakuna anayeona ametukanwa. Pesa zikipungua, daftari ndilo linasema, si midomo ya watu. Kumkagua mtu kwa utaratibu ni kumsaidia aendelee kuaminika.

Tumeona kikundi kikikata mshahara wote wa mama wa kioski kwa sababu hesabu ilipungua, wakati ufunguo wa kioski ulikuwa na watu watatu. Hiyo si haki, na tena ni hatari kwa kikundi, kama tutakavyoona sasa hivi.

Sheria inasemaje

Vikundi vingi hudhani sheria ya kazi ni ya makampuni ya Nairobi. Sivyo. Ukiandika mtu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakuhusu. Tutaje machache ya kushika:

1. Kazi ya miezi 3 au zaidi iandikwe kwa mkataba. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoifahamu kabla ya kuweka sahihi au alama ya kidole.

2. Apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kufanya kazi miezi 12.

3. Mama akijifungua ana likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Baba ana majuma 2.

4. Kibarua wa siku akiendelea mfululizo hadi siku zikafika mwezi mzima, si kibarua tena. Anapata haki za mfanyakazi wa mwezi.

5. Makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Na kumkata mtu kwa pesa zilizopungua, lazima mkataba wake useme amekabidhiwa pesa, na ionekane ni uzembe wake au udanganyifu wake.

6. Kabla ya kumfukuza kwa kosa, aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, ajitetee, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Anayelipwa kwa mwezi na hana kosa kubwa apewe notisi ya siku 28.

Kuna pia michango ya NSSF, ya nyumba, na ya bima ya afya, ambayo tangu Oktoba 2024 hupelekwa SHA badala ya NHIF. Na kuna kima cha chini cha mshahara kinachotangazwa na serikali, ambacho hutofautiana mjini na mashambani. Nendeni ofisi ya kazi iliyo karibu mkaulize kiwango chenu. Hawadai pesa kwa kuuliza.

Msiogope tukitaja sheria. Karatasi ya ukurasa mmoja inatosha kuanza: kazi yenyewe ni ipi, saa za kufungua na kufunga, siku ya kupumzika, mshahara na tarehe ya kulipwa, msimamizi ni nani, pesa anazishika namna gani. Nakala moja kwake, moja kwa katibu. Ugomvi mwingi tunaoitwa kuamua ungeisha kwa karatasi hiyo moja.

Neno la mwisho juu ya kuandika jamaa

Mtauliza, je, tumwandike mtoto wa mwenyekiti? Hatusemi hapana. Kijijini kila mtu ni mtoto wa mtu. Lakini mzazi wake asikae katika kikao kinachomchagua, asimsimamie, wala asikae katika kikao cha kusikiliza kesi yake. Mkishindwa kulikubali hilo kabla, mtashindwa zaidi baadaye, na mtapoteza mfanyakazi na mwenyekiti kwa siku moja.

Ndugu zetu, vikundi hivi mlivijenga kwa kukataa kudharauliwa. Mlikataa bei za wachuuzi, mlikataa kuchota maji machafu, mkaungana. Basi msiwe na mtu mmoja katikati yenu anayedharauliwa na nyinyi. Siku mtakapokosa pesa ya kumwongezea, mwambieni ukweli na kumwonyesha hesabu. Wengi hukubali kungoja wakionyeshwa. Wasichokubali ni kufichwa.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Mfanyakazi wetu anapokea amri kutoka kwa watu wangapi? Mulizeni mwenyewe, msijibu kwa niaba yake.

2. Katika miezi 6 iliyopita alilipwa tarehe gani kila mwezi? Angalieni daftari.

3. Ni wazo gani moja lililotoka kwake ambalo kikundi kililifuata? Kama hakuna, ni kwa nini?

4. Ni kanuni zipi zisizoandikwa ambazo sisi wanachama tunazifuata, na zinamfundisha nini?

5. Ana mkataba? Kama hana, nani atauandika, na kufikia tarehe gani?

Kila kikundi kichague jambo moja kati ya haya, kilifanye kabla ya mkutano ujao, kisha kije kitueleze lilivyokwenda.